Bawasiri: namna ya kuitambua, kuituliza nyumbani na kujua lini uende hospitali

Mtu akiona damu chooni mara nyingi hamwambii yeyote. Anasubiri wiki, anasubiri mwezi, kisha usiku mmoja anaingia kwenye simu na kukutana na tangazo la unga wa "kukausha kinyama" bila upasuaji: lipa kwa simu, unaletewa ulipo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu huyo. Kabla hajatuma hela yake ajue kwamba bawasiri nyingi hutulia kwa kulainisha choo na kuacha kujikamua, na kwamba hakuna dawa ya kupaka itakayomponya mtu anayeendelea kujikamua kila asubuhi kutoa choo kigumu. Ajue pia kwamba damu, hata ikiwa kidogo, lazima mtaalamu aione chanzo chake walau mara moja.

Kwanza ujue kinachochomoza ni nini

Kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, amezaliwa na nyama laini zilizojaa mishipa ya damu pale ndani, karibu na tundu la haja kubwa. Zina kazi yake: zinasaidia kufunga njia vizuri ili hewa na choo visiponyoke. Zikivimba, zikalegea na kuteremka, ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Kwa hiyo kile anachokigusa akichamba si nyama ngeni iliyoota. Ni sehemu ya mwili wake iliyoshuka kutoka mahali pake, na ndiyo maana napinga kwa nguvu zote wazo la kuiunguza kwa dawa kali au kuifunga uzi nyumbani.

Kinachoishusha ni shinikizo la mara kwa mara. Choo kigumu na kujikamua ndivyo vinavyoongoza. Yapo pia mazoea ya kukaa chooni muda mrefu, kuharisha kusikokwisha, ujauzito, kunyanyua mizigo mizito, na umri, kwa kuwa nyuzi zinazoshikilia nyama hizo hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Pilipili haileti bawasiri, ingawa inaweza kuwasha penye mchubuko. Kukaa kwenye sakafu ya baridi hakuileti. Haiambukizi. Wala si ushahidi wa mambo ya faragha ya mtu, na wanaonong'ona hivyo wamewafanya wagonjwa wengi wajifiche mpaka wameishiwa damu.

Matangazo yana tishio jingine: kwamba bawasiri humaliza nguvu za kiume na kuleta ugumba. Tishio hilo linauza dawa, lakini si kweli. Anayepungukiwa hamu kwa sababu ya bawasiri huwa ana maumivu, ana wasiwasi au amepungukiwa damu, na yote hayo yana tiba.

Hatua ya 1: Tambua uliyonayo

Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi, kwa sababu pale inapoanzia hakuna neva za kuhisi maumivu. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya choo kutoka, au inayoonekana kwenye karatasi au maji ya kuchambia. Madaktari huigawa katika daraja nne. Daraja la 1 hutoa damu tu, hakuna kinachochomoza. Daraja la 2 huchomoza ukijikamua na kurudi yenyewe. Daraja la 3 hairudi mpaka uisukume kwa kidole. Daraja la 4 imekaa nje moja kwa moja. Jua daraja lako, maana ndilo linaloamua matibabu.

Bawasiri ya nje iko chini ya ngozi, na ngozi hiyo ina neva tele. Inawasha, inasumbua ukikaa, na wakati mwingine damu huganda ndani yake. Hapo mtu hulala mzima na kuamka na kinundu kigumu cha rangi ya bluu kinachouma vibaya sana. Maumivu hayo huwa makali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua, na kinundu hunywea chenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiwahi hospitali ndani ya saa 72, daktari anaweza kukitoa kwa ganzi ya mahali hapo tu na ukapata nafuu siku hiyo hiyo. Ukichelewa, na maumivu yameanza kushuka, mara nyingi ni bora kukiacha kipoe.

Si kila kinachouma hapo ni bawasiri. Maumivu makali ya kukata wakati choo kinapita, yanayoendelea kuunguza hata saa kadhaa baadaye, mara nyingi ni mpasuko wa ngozi. Huo hutibiwa kwa kulainisha choo, maji ya vuguvugu na dawa maalumu ya kulegeza msuli ambayo daktari huandika. Uvimbe unaodunda pamoja na homa ni jipu, na jipu linahitaji kupasuliwa, si kupakwa. Kitundu pembeni kinachotoa usaha siku zote kinaweza kuwa fistula, yaani njia isiyo ya kawaida iliyotoboka kutoka ndani hadi kwenye ngozi. Muwasho wa usiku, hasa kwa watoto, mara nyingi ni minyoo midogo. Vinundu vidogo vingi vinavyokwaruza ukivigusa vinaweza kuwa chunjua zinazoletwa na virusi.

Na ukiwa umekulia au unaishi kando ya Ziwa Victoria, iwe Ukerewe, Musoma au Kisumu, na choo chako kina damu pamoja na maumivu ya tumbo, omba kupimwa kichocho. Kichocho cha tumbo huleta damu kwenye choo na baadaye huharibu ini, lakini kipimo cha choo ni rahisi na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtu wa kanda hiyo anaweza kupaka dawa ya bawasiri miaka miwili huku mdudu yuko ndani.

Hatua ya 2: Jikague kama una dalili za hatari

Kabla ya kuanza tiba ya nyumbani, soma orodha hii kwa uaminifu. Ukiwa na hata moja, nenda hospitali kwanza:

- Choo cheusi kinachonata kama lami, ilhali hutumii vidonge vya kuongeza damu. Damu hiyo inatoka juu, tumboni.
- Damu iliyochanganyika ndani ya choo, au choo chenye makamasi.
- Kupungua uzito bila sababu, kuchoka sana, moyo kwenda mbio, au viganja kuwa vyeupe.
- Mabadiliko ya choo yaliyodumu wiki kadhaa: umezoea kupata choo vizuri, sasa unaharisha au unafunga, au unahisi choo hakijaisha kila mara.
- Uvimbe tumboni, au ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya utumbo.
- Umefika miaka 40 na hii ndiyo mara yako ya kwanza kutokwa na damu.
- Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiziache mwenyewe, mweleze daktari.

Damu nyingi inayotoka mfululizo, kizunguzungu, kuzimia, au nyama iliyotoka ikawa ya zambarau na hairudi, hayo ni ya dharura. Usisubiri kukuche.

Saratani ya utumbo mpana huanza na damu ileile nyekundu. Kinachowaua wengi ni miezi waliyopoteza wakiiita bawasiri bila mtu yeyote kuangalia. Vijana nao huugua, hivyo umri mdogo si kinga.

Hatua ya 3: Lainisha choo

Hapa ndipo penye tiba. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na anayekula sembe nyeupe kwa nyama choma, chipsi mayai jioni na soda katikati hafiki hata karibu na kiwango hicho. Huna haja ya vyakula vya bei. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi kubwa ina kama gramu 6. Pera moja lina kama gramu 3, pamoja na mbegu zake, na mbegu hizo hazina ubaya. Badilisha sembe kwa dona, kwa kuwa anayekoboa mahindi anaondoa ganda lenye nyuzinyuzi. Weka choroko, kunde au mbaazi kwenye ratiba. Matembele, mchicha na kisamvu viwe mboga ya kila siku, na papai liliwe asubuhi.

Ongeza taratibu, kwa wiki moja au mbili. Anayetoka kwenye sembe na kuingia kwenye maharage kila mlo kwa siku moja atajaa gesi, atakasirika na kuacha.

Maji nayo: lita 1.5 hadi 2 kwa siku kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au figo, na zaidi kwa anayefanya kazi juani. Nyuzinyuzi bila maji hugeuka kuwa choo kigumu zaidi. Kwenye mfungo wa Ramadhani gawa maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo, na usiache tende, uji na matunda kwenye sahani ya kufuturu ukabaki na vitu vya kukaangwa peke yake.

Chakula kisipotosha, tumia maganda ya mbegu za isabgol, yanayouzwa maduka ya dawa na maduka ya vyakula vya Kihindi. Koroga kijiko 1 cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, unywe papo hapo kabla hayajawa mazito, kisha shushia na maji mengine. Mara 1 au 2 kwa siku. Usinywe ukiwa umelala au unaelekea kulala, na acha saa 2 kati yake na dawa nyingine. Tiba ya nyuzinyuzi haiponyi kesho. Ipe wiki 4 hadi 6. Watafiti waliolinganisha wagonjwa waliopewa nyuzinyuzi na wasiopewa waliona kutokwa damu kukipungua kwa takriban nusu, na sijui krimu ya dukani inayoweza kujivunia hilo.

Laktulosi, dawa ya maji yenye ladha tamu, nayo hulainisha choo; huchukua hadi siku 2 kuanza kufanya kazi. Sanamaki ambayo mabibi zetu wa pwani wameijua tangu zamani kweli inafungua choo, lakini inafanya hivyo kwa kusukuma utumbo na kuleta msokoto. Itumie siku chache tu ukikwama. Shubiri ni kali zaidi, na mjamzito asiiguse.

Angalia pia dawa unazomeza. Kodeini na tramado, dawa kali za maumivu, hufunga choo. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinaweza.

Hatua ya 4: Badilisha unavyojisaidia

Nyumba ya kupanga ina vyumba vinane na choo kimoja. Saa kumi na mbili asubuhi kuna ndoo tatu mlangoni na mtu anagonga. Unaahirisha. Unafika kazini, choo cha kazini hakifungi mlango, unaahirisha tena. Kila unapobana, utumbo unaendelea kunyonya maji kutoka kwenye choo, na jioni kinatoka kama cha mbuzi. Bawasiri nyingi za mjini zinatengenezwa namna hii. Safari ni hivyo hivyo: anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hanywi maji tangu alfajiri kwa kuogopa kuomba gari lisimame, na abiria wakishuka kuchimba dawa yeye anabaki kwenye kiti kwa aibu.

Kwa hiyo amka nusu saa kabla ya foleni. Kunywa maji au chai ya moto, kula hata kipande cha kiazi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma, na haja nyingi huja ndani ya nusu saa. Ikija, nenda wakati huo huo.

Ukiwa ndani:

- Simu ibaki nje. Hii ndiyo sheria ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu kukaa dakika 20 ukisoma huku njia imeachwa wazi hujaza damu kwenye nyama zilezile unazotaka zipungue.
- Usizidishe dakika 5. Kama haijaja, inuka, rudi baadaye.
- Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga, uiname mbele kidogo. Choo cha kuchuchumaa kinakupa mkao huo bila kigoda.
- Usizuie pumzi na kusukuma. Legeza tumbo, pumua taratibu kupitia mdomo.
- Chamba kwa maji, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Karatasi ngumu na gazeti vinachubua. Sabuni yenye manukato na dawa ya kuua vijidudu ziache. Zinakausha ngozi na kuongeza muwasho.

Hatua ya 5: Tuliza maumivu

Mimina maji ya vuguvugu kwenye beseni safi, yapime kwa kiwiko yasikuunguze, ukae ndani dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku na hasa baada ya choo. Maji matupu yanatosha. Usiweke Dettol, magadi, kitunguu saumu wala siki. Kama kuna uvimbe mkali, funga barafu kwenye kitambaa na ubandike kwa dakika 10, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Parasetamo ndiyo dawa ya maumivu ya kuanzia. Kama unatokwa na damu, kaa mbali na diklofenaki na ibuprofeni mpaka uulize, maana huongeza damu kutoka. Krimu au vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa vyenye dawa ya ganzi hupunguza muwasho na maumivu, lakini vyenye steroidi visizidi siku 7, kwa kuwa vikizidi hufanya ngozi kuwa nyembamba.

Nyama ikitoka na hairudi, nawa mikono, lala ubavu wa kushoto umekunja magoti, paka mafuta ya mgando kidoleni na uisukume polepole ndani huku ukipumua. Ikigoma na inauma, usishindane nayo. Nenda hospitali.

Kuhusu poda na maji ya "kuangusha kinyama": vitu vikali vinavyounguza haviwezi kuchagua bawasiri na kuacha ngozi nzima. Vinaacha kovu, kovu linabana njia, na mtu aliyekuwa na bawasiri ya daraja la 2 anabaki na njia isiyopitisha choo bila upasuaji mkubwa.

Hatua ya 6: Nenda ukapimwe

Anza zahanati au kituo cha afya, na sema sentensi moja tu: "Daktari, nikienda haja kubwa natokwa na damu." Kazi ya kuuliza mengine ni yake. Utaombwa ulale ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Daktari ataangalia nje, atapima kwa kidole chenye glavu na mafuta, na kama kuna kifaa ataingiza bomba fupi lenye mwanga kuangalia ndani. Ni dakika chache. Una haki ya kuomba nesi wa jinsia yako awepo. Daktari anayekuandikia dawa ya bawasiri bila kukuangalia hajakupima. Muombe aangalie, kwa adabu, lakini muombe. Uliza pia kiwango cha damu, na kama una dalili zile za hatua ya 2, uliza kuhusu kipimo cha kamera ya utumbo mpana.

Mama mjamzito asingoje. Homoni za mimba hupunguza mwendo wa utumbo, na mtoto anayekua hukandamiza mishipa. Mwambie mkunga kliniki. Usiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinafunga choo. Ongeza nyuzinyuzi na maji, uliza kuhusu laktulosi, na lala kwa ubavu wa kushoto. Kwa wengi bawasiri hupungua yenyewe wiki chache baada ya kujifungua.

Hatua ya 7: Ukihitaji zaidi ya dawa

Bawasiri ya ndani ya daraja la 1 hadi la 3 isiyotulia kwa chakula hufungwa mpira. Daktari hupitisha kifaa na kuvika kimpira kidogo kwenye shina la nyama. Damu haifiki tena, nyama inanyauka na kudondoka ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi, mara nyingi bila wewe kujua. Hulazwi wala hupigwi usingizi. Kimpira hukaa ndani zaidi, mbali na eneo lenye neva za maumivu, hivyo utahisi kubanwa zaidi ya kuumwa, na matone ya damu kuanzia siku ya 5 hadi ya 10 ni ya kawaida. Homa, maumivu makali au kushindwa kukojoa baada ya kufungwa mpira si kawaida hata kidogo. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ukahitaji kurudia baada ya wiki 4 hadi 6. Si kila hospitali ina kifaa hiki, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Madaktari bingwa wa upasuaji wapo Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta na hospitali nyingine kubwa za rufaa.

Upasuaji ni kwa daraja la 4, kwa daraja la 3 lililokataa mpira, na kwa wenye bawasiri kubwa za ndani na nje kwa pamoja. Namna inayotumika sana ilielezwa na madaktari wa upasuaji Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937, na bado ni ya kutegemewa: ugonjwa hurudi mara chache kuliko kwa mpira. Gharama yake ni maumivu, na nisingependa mtu aende bila kuambiwa hivyo. Choo cha kwanza ndicho kinachoogopwa. Anza laktulosi kama ulivyoelekezwa, meza parasetamo saa moja kabla kama unaweza kukisia muda, na uwe na beseni la maji ya vuguvugu tayari. Usibane kwa hofu, maana kila siku unayobana inafanya choo hicho kuwa kigumu zaidi. Omba ruhusa kazini ya walau wiki 2. Bodaboda na wabeba mizigo waombe zaidi. Vidonda huchukua wiki 4 hadi 6 kufunga. Siku ya miadi nenda hata kama huna maumivu, kwa sababu hapo ndipo daktari anapopima kama njia imeanza kubana wakati kovu linajijenga, na likiwahiwa mapema hurekebishika kwa urahisi.